Mtaa Nao ni Chuo

Sisi watu wa Pwani neno chuo tulikuwa nalo zamani, kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa katika nchi hii. Chuo kwetu ni pale mtoto apelekwapo na mzee wake, juzuu kwapani, akakalishwa mkekani afunzwe alifu na bee. Na wazee wa kale hata kitabu wakikiita chuo. Basi niliporudi kutoka Nairobi na shahada yangu ya elimu ya jamii, ile iitwayo sosholojia, mamangu mzazi aliniuliza swali ambalo hadi leo halijanitoka. Alisema: "Mwanangu, miaka yote hiyo umesoma habari za watu. Sasa utamfunza nani? Chuo chako ki wapi?"

Sikuwa na jibu. Shule za sekondari hazikuwa na somo hilo, na chuo kikuu kilitaka mwenye shahada juu ya shahada. Nami tumbo halingojei. Nikapata ukarani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, na cheti changu nikakitundika ukutani kama picha ya jamaa aliyesafiri asirudi.

Leo nataka kumjibu mama, ijapokuwa ametangulia mbele ya haki. Na kwa kumjibu yeye nataka kuwajibu vijana wetu wa Mvita, Malindi, Lamu na Kwale ambao wamesoma elimu hii na sasa wamekaa vibarazani wakiamini kwamba nje ya chuo kikuu haina kazi. Jibu langu ni hili: elimu ya jamii haihitaji darasa. Yahitaji mtaa, masikio mawili, daftari la shilingi chache, na mtu amchaye Mungu katika siri za wenziwe. Na nathubutu kusema zaidi, kwamba tumejidhulumu wenyewe kwa kuiacha elimu hii ikae ndani ya kuta za chuo kikuu, huku mambo yetu mitaani tukiyaendesha kwa kubahatisha.

ELIMU HII SI NGENI

Wengi wetu hudhani kwamba kuwachunguza watu na maisha yao ni jambo lililoletwa na Wazungu pamoja na sabuni na baiskeli. Si kweli. Abdurrahman Ibn Khaldun, Muislamu mwenzetu aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika Muqaddima yake mwaka 1377 akiwa katika ngome ya Ibn Salama, kwenye nchi ambayo leo ni Algeria. Hakuwa darasani. Alikuwa ametoka katika kazi za ukatibu na ujumbe kwenye majumba ya watawala, na ameshuhudia mwenyewe namna dola zinavyosimama na namna zinavyoanguka. Aliwatazama watu wa jangwani na watu wa mijini, akauliza mshikamano wao watoka wapi na kwa nini hupotea. Hayo aliyoyaona ndiyo aliyoyafanya kuwa elimu, akaiita elimu ya umrani. Mfaransa Auguste Comte, ambaye ndiye aliyelitunga jina la sosholojia, alikuja zaidi ya miaka 450 baadaye. Kisha Ibn Khaldun alikwenda Misri, na mwaka 1384 akafanywa kadhi wa madhehebu ya Maliki mjini Cairo, akawa akiuzuliwa na kurudishwa mara kadhaa mpaka alipofariki mwaka 1406. Naam, yule aliyeandika juu ya watu hakuona aibu kukaa mbele ya watu hao hao na kuamua ugomvi wao.

Tuje karibu zaidi. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891, alianza kutoa karatasi yake Sahifa mwaka 1930, na mwaka 1932 akatoa gazeti la al-Islah. Yale aliyoyaandika kwa Kiswahili yalikuwa nini ila uchunguzi wa hali ya watu wake? Alitazama elimu ya watoto, wa kiume na wa kike. Alitazama ujinga, na kuiga mambo ya Kizungu bila ya kuchagua jema na baya. Akauliza kwa nini Waislamu wa Pwani wamerudi nyuma, na hakukubali jibu jepesi la kwamba ni kudura tu. Mwaka 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na hadi kufa kwake mwaka 1947 hakuacha kuwasemesha watu wake. Sheikh al-Amin hakuwa na shahada ya sosholojia, lakini alikuwa na mtaa, na mtaa ulikuwa naye.

Na kabla yake alikuwako Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo. Yeye ndiye hasa aliyeandika, pamoja na Waswahili wenziwe, habari za arusi na mazishi, za deni na uganga, za ngoma na adabu za watu wetu, zikachapishwa Ujerumani mwaka 1903. Kitabu kilitoka kwa jina la nani? La Carl Velten, Mjerumani aliyezikusanya. Haikuwa ila mwaka 1981, ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen, ndipo jina la Mtoro lilipotiwa katika anwani ya kitabu. Miaka 78! Yeye mwenyewe alikuwa amefariki huko Berlin tangu 1927.

Kisa cha Mtoro nakitaja makusudi, kwa kuwa hakijesha. Watafiti bado waja Pwani kila mwaka. Waketi nasi, wala pilau letu, waandika, kisha waondoka. Mwaka 1998 kulichapishwa huko Chicago kitabu cha Susan Hirsch juu ya mahakama za kadhi za Pwani hii yetu. Kinaonyesha kwamba wanawake wetu, ambao tumezoea kuwasifu kwa kuvumilia na kunyamaza, ndio wapelekao mashtaka mengi mbele ya kadhi, na aghalabu hushinda. Jambo kubwa hilo! Lingefaa lizungumzwe katika kila nyumba yenye binti wa kuoza. Lakini kitabu ni cha Kiingereza, na vibarazani kwetu sijamsikia hata mmoja akikitaja. Simlaumu mwandishi, kazi yake ameifanya. Nauliza tu: wasomi wetu wawezao kuyasoma hayo na kuyaleta kwa Kiswahili msikitini na barazani, wamekwenda wapi?

KULAUMU KABLA YA KUULIZA

Iko methali moja isemayo mgonjwa haulizwi uji. Methali ni ya huruma, lakini kamati zetu zimeigeuza kuwa sheria ya kuendeshea mambo. Kamati ya msikiti haiwaulizi wenye kusali, kamati ya mazishi haiwaulizi wajane, na viongozi hawawaulizi wenye kuwapigia kura. Katiba ya mwaka 2010 imeagiza wananchi washirikishwe katika mambo yao. Tushirikishwavyo wengi wetu twakujua: viti vyapangwa, soda zagawanywa, karatasi ya mahudhurio yapitishwa tutie sahihi, na jambo lenyewe limekwisha kuamuliwa jana.

Huko Marekani mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwajiri W.E.B. Du Bois, msomi mweusi, achunguze mtaa wa watu weusi katika mji wa Philadelphia. Wakubwa wa mji walikuwa wameshaamini kwamba ubaya wa mtaa ule watokana na watu wenyewe. Du Bois alipewa cheo kidogo, na darasa la kufundisha hakupewa. Basi alihamia mtaani pamoja na mkewe, akapita mlango kwa mlango, akazungumza na maelfu ya watu. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1899 kilionyesha kwamba ufukara na uhalifu wa pale ulikuwa na sababu zake: watu kunyimwa kazi, kodi kubwa za nyumba mbovu, na historia ya utumwa. Katika Chicago nako, Jane Addams, aliyefungua Hull House mwaka 1889 kati ya mafukara wahamiaji, alikuwa na wenziwe wakiandika habari za mishahara na nyumba za majirani zao. Taka zilipozidi mtaani, mwaka 1895 alikubali kazi ya kukagua uzoaji wa taka, akawa yuatoka alfajiri kuyafuata magari ya taka kwa nyuma. Bibi yule angetufaa sana baadhi ya mitaa yetu leo.

MLANGO WA CHOO

Sasa nieleze yaliyonikuta mimi mwenyewe, maana maneno ya vitabu bila mfano wa nyumbani ni kama chakula bila chumvi.

Katika mtaa wetu iko madrasa ambayo sitaitaja jina. Wasichana wakifika umri wa kuvunja ungo walikuwa wakiacha kuja, mmoja baada ya mwingine. Kamati ikakutana baada ya Isha. Kila mzee alikuwa na jibu lake. Huyu alisema ni televisheni, yule akasema ni simu, na wa tatu akasema ni kina mama wa siku hizi, hawana tena haya wala hawataki dini. Likatolewa shauri kwamba kila mzazi ambaye bintiye haji atozwe faini, na pesa zilizokuwako zinunue vipaza sauti vipya ili mawaidha yafike majumbani.

Nilikuwa nimeketi karibu na mlango. Nikaomba ruhusa, nikasema: "Maalim, na nyinyi wazee wangu, nipeni majuma mawili tu. Kabla ya kuwatoza watu faini, hebu tuwaulize." Mzee mmoja akacheka, akasema: "Kuuliza nini, kijana? Sisi si ndio wazazi?" Lakini Maalim, Mungu amjaze kheri, akasema niachwe nijaribu.

Mimi ni mwanamume, na haistahili nibishe milango ya watu nikiwauliza mabinti zao habari za ndani. Kazi hiyo niliwapa dada yangu na mwalimu mmoja wa kike. Nao hawakwenda na karatasi ya maswali. Walikwenda alasiri, saa za kusukana nywele na kuchambua mchele, wakaketi, wakasikiliza. Mimi nilizungumza na kina baba kibarazani, na wavulana mpirani. Usiku tulikutana kwetu, tukaandika yale yaliyosemwa na wengi, tukayaweka kando ya yale yaliyosemwa na mmoja.

Televisheni haikutajwa sana. Kilichotajwa nyumba hadi nyumba ni choo. Madrasa ilikuwa na choo kimoja tu, cha wavulana na wasichana pamoja, na mlango wake ulikuwa umeng'oka zamani ukatundikwa gunia. Msichana aliyekwisha kubaleghe, tena akiwa katika siku zake, angeingiaje pale? La pili lilikuwa njia. Darasa lilianza baada ya Maghrib, na wasichana walilazimika kupita gizani mbele ya maskani ya mabarobaro wasiochunga ndimi zao. La tatu, masomo ya ziada ya shule yalikuwa saa zile zile. Kina mama wale tuliowadhania hawataki dini ndio waliokuwa wakiwasomesha mabinti zao Kurani majumbani, kwa kadiri ya walivyojua wenyewe.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wazee wale walikuwa watu wema, tena wacha Mungu. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyepata kukiingia choo kile akiwa msichana wa miaka 13.

Vipaza sauti havikununuliwa mwaka ule. Ulinunuliwa mlango, kikajengwa choo cha pili, na darasa la wasichana likahamishiwa baada ya Alasiri. Wengine walirudi. Si wote, na sitaki kumdanganya msomaji. Walikuwako walioolewa katika muda ule ambao sisi tulikuwa tukibishana juu ya televisheni, na walikuwako waliopelekwa kufanya kazi za nyumba kwa jamaa. Kwa hao mlango ulikuja umechelewa.

KOSA LANGU

Lingekuwa jambo zuri lau ningeishia hapo. Lakini liko kosa nililolifanya, na nalisimulia ili kijana atakayeshika kazi hii asilirudie.

Siku ya kutoa habari mbele ya kamati nilitaka wazee waguswe. Nikasoma maneno ya mama mmoja kama alivyoyasema, bila ya kutaja jina. Nilidhani kuficha jina kunatosha. Lakini mama yule alikuwa na namna yake ya kusema, na mumewe alikuwa ndani ya chumba kile. Aliyatambua maneno ya mkewe kabla sijafika nusu. Usiku ule palitokea maneno makali katika nyumba ile, kwamba mke ametoa siri za nyumbani nje. Nilikwenda kuomba radhi. Mume alinipokea. Yule mama hakunijibu, na tangu siku ile akiniona njiani huvuka upande wa pili.

Chuo kikuu nilifunzwa kupanga maswali na kujumlisha majibu. Hili sikulifahamu mpaka lilipomdhuru mtu. Mtafiti wa chuo kikuu akikosea hupanda ndege akaenda zake. Sisi wa mtaani tutakutana na tuliyemkosea sokoni, arusini, na mazikoni. Ndiyo maana nasema kazi hii nje ya chuo kikuu ni ngumu zaidi, wala si nyepesi kama wasemavyo wasomi wakubwa.

UTAFITI NA GHIBA

Wako ndugu zangu katika dini ambao huniambia kwamba kazi hii ni haramu kwa asili yake, kwani Mwenyezi Mungu katika Sura ya Hujurat amekataza kupelelezana na kusengenyana. Hoja hiyo naiheshimu, na baada ya kisa cha mama yule sithubutu kuidharau. Jibu langu ni kwamba mpaka upo, nao waonekana. Mpelelezi hutafuta aibu ya mtu ambayo mwenyewe hakutaka ijulikane. Mwenye kutafiti huomba ruhusa, hueleza anachokitaka, na hukubali akiambiwa la. Msengenyaji hutaja fulani bin fulani. Mwenye kutafiti hataki fulani, ataka kujua tatizo ni la wangapi na chanzo chake ni nini. Mtu akiyachanganya hayo mawili, kama nilivyoyachanganya mimi siku moja, amekwisha vuka mpaka, hata akiwa na shahada kumi.

Tena sheria ya nchi nayo imeamka. Tangu mwaka 2019 iko sheria ya kulinda habari za watu, na sheria ya sayansi ya mwaka 2013 yamtaka mtafiti apate kibali. Mambo hayo ni mema. Lakini kibali cha serikali hakitoshi. Mtaa nao una idhini yake, nayo haitolewi kwa muhuri.

TUFANYE NINI?

Nina mashauri machache. Kwanza, kila kamati yetu, iwe ya msikiti, ya madrasa, ya wakfu au ya mazishi, isitumie pesa nyingi kabla ya kuwauliza wale wanaotumiwa pesa hizo, na wanawake waulizwe na wanawake. Hili halina gharama ila subira.

Pili, yeyote ajaye kutafiti kwetu, awe ametoka ng'ambo au Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, tumshurutishe arudi na alichokipata, akisome kwa Kiswahili mbele ya wale aliowahoji. Wakimwambia amekosea, aandike kwamba wamesema amekosea.

Tatu, nawaambia vijana wenye elimu hii: msingoje kuitwa. Mashirika yatoayo mshahara kwa kazi hii yapo, na apataye na amshukuru Mungu, ila akumbuke kwamba mwenye kulipa aghalabu hupenda jibu fulani. Asiyepata na ashike kazi yoyote ya halali, kisha ampe mtaa wake jioni mbili kwa juma. Tuna maswali tele yasiyo na majibu. Unga umewaingiaje vijana wetu, na ni nini kilichowarudisha wale waliofaulu kuuacha? Gharama za arusi zawachelewesha wangapi kuoa? Wajane waliotoka eda waishije? Kila mmoja ana maoni yake juu ya mambo hayo, na ni wachache mno waliokwenda kuuliza.

Na la mwisho, wazee wetu, msiwacheke watoto hawa wakija na daftari zao. Kuuliza si kukosa adabu. Sheikh al-Amin aliuliza, na aliwakera wengi.

Mama aliniuliza chuo changu ki wapi. Laiti angalikuwa hai ningemshika mkono nikamtembeza katika kichochoro cha nyuma ya madrasa, nikamwonyesha mlango ule, uliokwisha pakwa rangi mara mbili sasa. Kisha ningemwonyesha nyumba ya mama yule ambaye havuki kuja upande wangu, nikamwambia kwamba somo la pili nilifunzwa pale.